Seremala wa Utrecht na kiti kisichobembeleza

Miongoni mwa mashtaka ambayo usasa umefunguliwa tangu uzaliwe, ni machache yanayorudiwa mara nyingi kama lile la viti vyake. Husemwa kwamba wabunifu wa karne ya 20 waliviunda viti ili vitazamwe, wala si ili vikaliwe. Kwamba jicho lilipewa karamu na mgongo ukaachwa na njaa. Nimelisikia shtaka hili katika kumbi za mihadhara, nimelisoma vitabuni, na muhula huu mwanafunzi wangu mmoja ameliandika katika insha yake kwa uhakika wa hakimu aliyekwisha kusikiliza pande zote mbili. Nilimpa alama nzuri, maana insha yenyewe ilikuwa ya Kiswahili fasaha, lakini sikukubaliana naye. Makala haya ni jibu langu kwake. Na kwa kuwa hoja isiyokuwa na mtu ndani yake huelea hewani, nimeamua kuyasimulia maisha ya yule ambaye aghalabu ndiye hutiwa kizimbani kwanza, yaani Gerrit Rietveld wa Uholanzi.

Rietveld alizaliwa katika mji wa Utrecht tarehe 24 Juni, 1888. Baba yake alikuwa seremala mwenye karakana yake mwenyewe, na jamaa yao walikuwa Waprotestanti wa msimamo mkali, watu wa sala, kazi na kiasi. Kabla hajatimiza miaka 13 kijana huyo alikuwa ameiaga shule na kusimama mbele ya meza ya baba yake akishika randa na msumeno. Alizikuta pale fanicha za mitindo ya kale, zile zenye nakshi na miguu iliyokerezwa, ambazo matajiri wa wakati huo walizipenda. Ni muhimu tulikumbuke jambo hili tangu mwanzo. Mtu tunayemzungumzia hakuwa msanii aliyeingilia ufundi wa mbao kwa kubahatisha, bila kujua kiti cha kustarehesha huundwaje. Alijua vizuri sana. Mikono yake ilikuwa imevizoea viti vya aina hiyo tangu utotoni.

Usiku alikwenda kusoma uchoraji, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya kuchora michoro katika karakana ya sonara mmoja wa mjini humo. Alioa mwaka 1911, akamwoa Vrouwgien Hadders, nao wakajaliwa watoto sita. Akaendelea kusoma jioni, safari hii kwa msanifu majengo P.J.C. Klaarhamer, na mwaka 1917, akikaribia umri wa miaka 30, akafungua karakana yake mwenyewe huko huko Utrecht. Mwaka uliofuata, pamoja na wanagenzi wake, akaunda kiti ambacho hadi leo jina lake haliwezi kutajwa bila chenyewe kutajwa.

Naomba msomaji anivumilie nikieleze kiti hiki, kwani wengi hukihukumu kwa kuiona picha tu. Kina mbao mbili pana na nyembamba za plaiwudi, moja ikiwa kikalio na nyingine egemeo. Egemeo limelala nyuma, na kikalio nacho kimeinamia nyuma kidogo. Mbao hizi mbili zimebebwa na kiunzi cha vipande vyembamba vya mbao vya mraba, vinavyopishana bila kukatana. Fundi wa kale angechimba tundu katika ubao mmoja, akachonga ulimi katika ubao wa pili, akavitia pamoja hata isijulikane kimoja kinaishia wapi. Rietveld alikataa. Vipande vyake hupita kimoja kando ya kingine na ncha zake huchomoza mbele ya kiungo, na kinachovishika ni vijiti vidogo vilivyofichwa ndani. Kimo cha kiti kizima ni kama sentimita 87, na kikalio kiko karibu sentimita 33 tu kutoka sakafuni. Hakuna mto, hakuna springi, hakuna kitambaa wala ngozi.

Kwa nini aliunda hivyo? Mwanafunzi wangu anadai kwamba ni kwa ajili ya sura. Lakini kuna ushahidi ambao insha yake haikuugusa. Watu wanapokikumbuka kiti hiki huikumbuka rangi yake: egemeo jekundu, kikalio cha buluu, kiunzi cheusi, ncha za manjano. Ukweli ni kwamba kilipoundwa mwaka 1918, na kilipochapishwa mwaka 1919 katika jarida la De Stijl ambalo Theo van Doesburg alikuwa amelianzisha miaka miwili kabla, hakikuwa na rangi hizo hata kidogo. Kilikuwa mbao tupu. Rangi zilikuja kiasi cha miaka mitano baadaye, karibu mwaka 1923, Rietveld alipokuwa amekwisha kujiunga na kundi la wasanii wa jarida hilo, na hata hapo aliwapakia wateja wengine rangi tofauti kabisa. Kama lengo lake la kwanza lingekuwa kulipendeza jicho, asingeanza na kiti kinachofanana na kasha lililovunjwa. Vipande vile vya mraba vilitokana na hesabu ya seremala: mbao za vipimo vya kawaida, zinazoweza kukatwa kwa mashine na kuunganishwa na fundi yeyote kwa muda mfupi, ili kiti kiwe rahisi kwa bei. Kwamba hakikupata kuundwa kwa wingi wakati ule ni msiba wake, wala si nia yake.

Sasa niseme habari za mgongo, maana ndio uliofungua kesi. Nilipokuwa Leiden nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, rafiki yangu mmoja Mholanzi alikuwa na nakala ya kiti hiki sebuleni kwake, iliyoundwa na mjomba wake kwa kufuata vipimo. Nilikalia nakala hiyo kwa mara ya kwanza kwa tahadhari ya mtu anayepanda punda asiyemjua. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba haikuniumiza. Pembe ya egemeo na ile ya kikalio zilikuwa zimepimwa vyema, na mwili wangu ulijikuta umepokewa mahali pake. Nilisoma sura nzima ya kitabu. Hata hivyo, baada ya nusu saa hivi, ukingo wa kikalio ulianza kunikumbusha kwamba una ukingo, na nilipotaka kuinuka ilinibidi nijisukume kwa mikono yote miwili kama mzee. Nikiondoka, moja ya zile ncha zilizochomoza ikanigonga muundi. Kwa hiyo simtetei mtu huyu kwa kusema kwamba kiti chake ni godoro. Ninachosema ni kwamba nilikaa nusu saa bila kusinzia, jambo ambalo kochi la rafiki yule yule halikuniruhusu kulifanya hata jioni moja.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponivuta, na naomba radhi kwa wale wasioipenda sarufi. Husimuliwa kwamba Rietveld, alipolalamikiwa kuhusu viti vyake, alipenda kuwakumbusha watu kwamba kukaa ni kitenzi. Wengi huichukua kauli hiyo kuwa mzaha. Katika lugha yake ina uzito kuliko mzaha. Neno la Kiholanzi la kitenzi ni werkwoord, ambalo kwa tafsiri ya sehemu zake ni neno la kazi. Isitoshe, Kiholanzi hukitumia kitenzi chake cha kukaa, zitten, kama kitenzi kisaidizi cha kuonyesha tendo linaloendelea: mtu anayesoma akiwa kitini huelezwa kuwa anakaa kusoma, na maana yake ni kwamba kusoma kwenyewe kunaendelea wakati huo. Katika lugha hiyo kukaa kumefungamana na kufanya. Aliyelelewa katika lugha hii, tena katika nyumba ya kazi, hakuona ajabu kudai kwamba mwenye kukaa naye ana sehemu yake ya kutenda, na kwamba kiti si mahali pa mwili kujitupa kama gunia.

Nasi tusijifanye wageni wa fikra hiyo. Kitenzi chetu cha kukaa hubeba kuketi, kuishi na kudumu kwa pamoja, na neno kiti lenyewe wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha na shina lile lile la mti. Mpwani akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, nani humwuliza kama kibao kile ni laini? Kimeundwa kwa ajili ya kazi, na mwili hukipokea kwa ajili ya kazi hiyo. Tena mafundi wa Lamu walichonga kiti cha enzi chenye egemeo refu lililosimama wima na mapambo ya pembe za ndovu, kiti ambacho hakikumruhusu mkubwa wa nyumba kujinyoosha ovyo mbele ya wageni wake. Sijapata kumsikia mtu akiwashtaki mafundi hao kwa kuutesa mgongo. Tulielewa kwamba kiti kile kilikuwa na jambo jingine la kusema. Mbona Mholanzi tunamnyima uelewa huo?

Hata hivyo sitaki kumgeuza Rietveld kuwa malaika. Zipo kazi zake ambazo, kwa maoni yangu, jicho lilishinda, tena bila upinzani mkubwa. Kile kiti kiitwacho Zigzag, alichokibuni mwanzoni mwa miaka ya 1930, ni mbao nne tu zilizopangwa kama herufi Z yenye egemeo juu yake, bila mguu hata mmoja. Kukiona ni kustaajabu kwa nini hakianguki. Kukitengeneza ni mtihani mgumu, kwani pembe zake zilihitaji kuimarishwa kwa kabari na bolti. Lakini kikalio chake ni ubao bapa na egemeo lake ni ubao bapa, na yeyote aliyekula mlo mrefu juu yake hatahitaji hotuba yangu. Hapo seremala alikuwa akijibu swali lake mwenyewe kuhusu nafasi na mbao, na aliyekaa alikuwa shahidi tu. Yeye mwenyewe alilijua shtaka hili mapema. Chini ya kikalio cha kiti kimoja cha umbo lile la mwaka 1918 alibandika karatasi yenye shairi la Mjerumani Christian Morgenstern, shairi la dhihaka kuhusu mtu anayetaka kukaa kwa namna inayoiridhisha roho yake badala ya nyama zake. Mtu anayeficha dhihaka ya namna hiyo chini ya kazi yake si mtu asiyejua anachokifanya.

Mwaka 1924 ulimtoa katika viti na kumwingiza katika majengo. Truus Schröder, mwanamke aliyefiwa na mumewe mwaka 1923 akiachiwa watoto watatu, alimtaka amjengee nyumba ya kuishi na watoto hao bila kutenganishwa nao na kuta nene. Wakaibuni pamoja. Orofa ya juu ni ukumbi mmoja unaoweza kugawanywa kwa kuta za kusukuma usiku, na kufunguliwa wote mchana. Katika michoro iliyopelekwa kwa wakuu wa mji orofa hiyo iliandikwa kuwa dari la kuwekea vitu, kwani sheria za ujenzi zisingeikubali vinginevyo. Ukilifungua dirisha la pembeni, pembe ya nyumba yenyewe hutoweka. Nyumba hiyo ingali imesimama Utrecht, na mwaka 2000 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ninachotaka mwanafunzi wangu akione ni hiki: nyumba ile humtaka mkaaji wake asogeze, akunje, afungue, kila asubuhi na kila jioni. Ni wazo lile lile la kiti, limekuzwa likawa nyumba. Bibi Schröder aliishi humo hadi kufa kwake mwaka 1985, miaka 60 na ushei, na sioni kwamba mtu huvumilia mateso kwa muda wa namna hiyo kwa sababu ya sura.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote, na ambayo washtaki huisahau, ni ya mwaka 1934. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na watu walikuwa hawana fedha. Rietveld aliuangalia ubao wa misonobari unaotumiwa kuundia makasha ya kusafirishia bidhaa, ubao ambao hakuna aliyeuheshimu, akaunda kwao viti, meza na rafu. Duka la Metz & Co. la Amsterdam liliviuza vikiwa vipande, mnunuzi akaviunganishe mwenyewe nyumbani. Wapo wa biashara ya fanicha waliokasirika na kuona kwamba ufundi umetukanwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kiseremala: fanicha ya thamani husafirishwa ndani ya kasha, na kasha hilo huundwa imara hata likaweza kuilinda; basi mbao zinazotosha kuilinda fanicha zina kosa gani zikiwa fanicha zenyewe? Katika vitu hivyo sura haikupewa kipaumbele hata kidogo. Upana wa ubao wa kasha ndio ulioamua upana wa kiti.

Ninapofika hapa siwezi kuacha kuyafikiria madawati ya shule zetu. Katika shule moja ya msingi ambako nilikwenda kuwatazama walimu wanafunzi wakifundisha, niliwakuta watoto wanne katika dawati la watoto wawili, wa mwisho akiwa ameliegemeza paja moja tu, mguu wake wa kushoto ukilishikilia dawati lisipinduke. Mtoto yule alikaa hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna aliyelibuni dawati lile kwa ajili ya sura, na hakuna aliyelibuni kwa ajili ya starehe. Lilinunuliwa kwa bei. Mwanafunzi wangu, ambaye huenda alipita katika dawati kama hilo, ana haki ya kukasirika kwa niaba ya migongo. Ninachokishuku ni anwani aliyoipelekea hasira yake. Mteja wa Rietveld alikiona kiti, akakijaribu, akakichagua, na kilipomchosha aliinuka. Mtoto hachagui wala hainuki. Yeye hukaa mpaka kengele ilie. Mbunifu aliyeshughulika na swali la jinsi ya kumpa mtu asiye na fedha kiti imara kwa ubao wa kasha ni mtu ambaye walimu tungestahili kumsoma kwa makini, hata kama jibu lake lilikuwa gumu kidogo chini ya mapaja.

Yaliyofuata katika maisha yake nitayapitia upesi. Ujerumani ilipoikalia Uholanzi kuanzia mwaka 1940, wasanii walilazimishwa kujiunga na chama kilichosimamiwa na utawala huo. Rietveld alikataa, na kwa kukataa akapoteza ruhusa ya kufanya kazi yake. Baada ya vita miaka kadhaa ilipita kabla hajakumbukwa. Jumba la Uholanzi katika maonyesho ya Venice, lililojengwa mwaka 1954, ni kazi yake, na michoro ya mwanzo ya jumba la makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam ilitoka mkononi mwake ingawa halikufunguliwa hadi mwaka 1973. Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft kilimtunukia shahada ya uzamifu ya heshima, yeye aliyeiaga shule akiwa mtoto. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Cassina ya Italia ilianza kukiunda upya kile kiti cha mbao za kawaida, na hivi leo huuzwa kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu hauwezi hata kuitazama. Nakala za zamani zimewekwa katika makumbusho, nyuma ya kamba, na askari huja mbio mtu akionyesha dalili ya kutaka kukaa. Hapo ndipo kiti kile kilipogeuzwa kuwa kitu cha jicho peke yake, na waliokigeuza walikuwa sisi wenye kupenda, wakati mwenyewe yuko kaburini.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 75, alitakiwa na duka la sonara Steltman la mjini The Hague aunde viti viwili kwa ajili ya wachumba wanaokuja kuchagua pete za ndoa. Aliunda viti visivyolingana pande zake, kimoja kikiwa na mkono kushoto na kingine kulia, kila kimoja kikiwa kama taswira ya mwenzake katika kioo, ili wawili hao wakikaa bega kwa bega pasiwe na mbao kati yao. Safari hii alivivika ngozi. Alifariki Utrecht tarehe 25 Juni, 1964, siku moja baada ya kutimiza miaka 76.